Bendeji za Miguu ya Farasi: Kuzichagua, Kuzifunga na Kuzitunza

Farasi si wengi katika nchi zetu. Mbung'o amewazuia tangu zamani, na pia maradhi ya farasi yaenezwayo na usubi. Mwaka 1916 wapanda farasi wa jeshi la Afrika Kusini walipoingia katika nchi iliyoitwa baadaye Tanganyika, wanyama wao walikufa kwa maelfu, na wengi wao hawakuguswa na risasi hata moja. Hata hivyo wako farasi wa mbio Nairobi na farasi wa mchezo wa polo Gilgil, na vijana wetu wengi hupata mshahara kwa kazi ya usaisi. Tena punda, ndugu yake farasi, anaonekana karibu kila wilaya, na mguu wake umeumbwa kwa namna ile ile. Kwa hiyo yafaa mwenye kutunza mnyama wa namna hii ajue kuufunga mguu wake, maana kitambaa kilekile kiponyacho mguu chaweza pia kuulemaza.

Kwanza tuuangalie mguu wenyewe. Shika mguu wa mbele wa farasi chini ya goti. Hutaona mnofu, kama unavyouona katika ndama ya mguu wa mtu. Mbele utagusa mfupa wa muundi, na nyuma utagusa kitu kigumu kama kamba iliyovutwa: hizo ndizo kano. Juu ya vyote hivyo ni ngozi tu. Farasi mkubwa ana uzito wa kilo 500 hivi, naye akienda mbio kano hizo hubeba nguvu ipitayo uzito huo, zikinyoshwa na kurudi katika kila hatua. Damu ifikayo katika kano ni kidogo, na kwa sababu hiyo ukano uliochanika hupona polepole sana. Mara nyingi hutaka miezi 9 hata 12 au zaidi, na hata ukipona hauwi tena kama ulivyokuwa. Farasi wengi wa mbio wamekwisha kazi yao kwa ajili ya ukano mmoja.

Sasa fahamu hatari. Mahali palipo na mnofu, kitambaa kikikazwa mno, mnofu huuchukua mkazo. Katika mguu wa farasi hapana mnofu, basi mkazo wote huangukia ukano na mishipa midogo ya damu. Mwalimu aweza kuwaonyesha watoto jambo hili darasani. Na amfunge mmoja uzi mwembamba katika kidole, kwa dakika moja tu, nao watakiona kidole kikigeuka rangi na kuvimba nchani. Kisha amfunge kitambaa kipana chenye pamba chini yake, kwa nguvu ile ile, wala kidole hakitadhurika. Uzi na kitambaa vimevutwa sawasawa. Tofauti ni upana na pamba. Saisi akilielewa hilo, amekwisha kuelewa nusu ya kazi.

Bendeji ni za namna nyingi, na kila moja ina kazi yake. Iko ya bandani, afungwayo farasi akisimama usiku au akisafirishwa garini. Hiyo hufungwa juu ya tabaka nene ya pamba au blanketi laini, unene wa inchi moja hivi, na husaidia kuzuia uvimbe na kuukinga mguu usigongwe. Iko ya kazini, afungwayo farasi akipandwa. Ile ya polo ni ya kitambaa laini chenye manyoya, urefu wa futi 9 hivi na upana wa inchi 4 au 5, nayo hufungwa bila pamba chini yake kwa kuwa yenyewe ni nene. Tena ziko zivutikazo kama mpira, na nyingine zijishikazo zenyewe bila pini. Hizi mbili ndizo zinazohitaji mikono yenye akili. Zikivutwa hadi mwisho huendelea kubana saa zote, hata saisi akiwa amelala. Mtu asiye na mazoezi asizifunge kamwe bila pamba nene chini yake.

Katika kuchagua, usitazame rangi. Najua wako wapendao nyekundu na buluu miguuni mwa farasi siku ya mashindano, na urembo si kosa, lakini mguu haujui rangi. Tazama upana, usipungue inchi 4, kwa maana iliyo nyembamba hukata kama ule uzi tuliousema. Tazama kwamba pindo zake hazina mshono mgumu. Iviringe mkononi uone kama italala bila kukunjamana. Kwa pamba ya chini, nepi nzito za watoto na blanketi kuukuu lililokatwa vizuri hufaa sana, ila visiwe na vifundo wala mishono mikubwa.

Watu wengi huamini kwamba bendeji ya kazini huutegemeza ukano usichanike. Naona imani hiyo imezidi kipimo. Kitambaa hakiwezi kushindana na uzito wa kilo 500 ushukao juu ya mguu mmoja. Faida yake ya hakika ni kuikinga ngozi farasi ajigongapo kwa kwato zake mwenyewe. Tena ina gharama yake, nayo ni joto. Mwaka 1994 wataalamu wa Uingereza walieleza kwamba ndani ya ukano wa farasi aendaye mbio joto hufika digrii 45 za sentigredi, bila kitambaa cho chote. Mguu uliofunikwa haupoi upesi. Basi farasi akimaliza kazi, fungua mara moja, umwagie miguu maji ya baridi.

Namna ya kufunga ni hii. Mguu uwe safi na mkavu, na manyoya yapigwe brashi yaelekee chini, kwa sababu chembe moja ya mchanga chini ya kitambaa hufanya kidonda. Farasi na asimame juu ya miguu yote minne. Wewe usipige magoti chini. Chutama, upate kuruka akishtuka. Izungushe pamba kwanza, isiwe na kunjo. Kisha anza bendeji upande wa ndani, katikati ya muundi, ukiipitisha mbele ya mfupa, halafu upande wa nje, halafu nyuma. Kwa hiyo mguu wa kushoto huzungushwa kinyume cha mwendo wa mishale ya saa, ukitazamwa kutoka juu, na wa kulia hufuata mwendo wa saa. Shuka hata kwenye kifundo, kisha panda hata chini kidogo ya goti, na kila mzunguko ufunike nusu ya ule uliotangulia. Ukitaka kuvuta, vuta mbele juu ya mfupa, wala usivute nyuma juu ya kano. Mkazo uwe mmoja tangu mwanzo hata mwisho. Masaisi hubishana sana juu ya upande wa kuzungushia, lakini bendeji iliyozungushwa vizuri ikakazwa vibaya itadhuru tu. Pamba ionekane kidogo juu na chini, ili pindo la bendeji lisiiguse ngozi. Fundo au pini iwe upande wa nje, isiwe nyuma kwenye ukano wala mbele kwenye mfupa, na utepe wa kufungia usikazwe kupita bendeji yenyewe. Mwisho tia kidole kimoja juu na kimoja chini: kikiingia kwa taabu kidogo, ni sawa, kisipoingia, fungua uanze tena.

Mguu mmoja ukiumia, funga na mwenziwe ulio mzima. Farasi mwenye maumivu huulalia ule mzima siku nzima, nao huvimba kwa kuchoka.

Bendeji ya bandani ifunguliwe kila baada ya saa 12, wala isipite saa 24, ila daktari wa wanyama ameagiza vingine. Ukifungua, pitisha kiganja katika mguu. Ukikuta joto mahali pamoja, au uvimbe nyuma mfano wa upinde, au mnyama akiuvuta mguu ukiubonyeza, usifunge tena. Mwite daktari siku ile ile. Kama bendeji imelowa maji, iondoe. Ile nzito huteremka na kumkwaza mnyama, na ile ya pamba huenda ikakaza ikikaukia mguuni.

Kwa kidonda, osha kwanza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi gramu 9 katika kila lita. Weka kitambaa safi kisichogandamana na nyama, kisha pamba, kisha bendeji. Kidonda kilicho karibu na kiungo, hata kikiwa kidogo kama tundu la msumari, ni cha daktari, kwa kuwa uchafu ukiingia kiungoni mnyama aweza kupotea. Vidonda vya chini ya goti vina tabia ya kuotesha nyama ya ziada ipitayo ngozi. Usiichome kwa dawa kali za kienyeji. Daktari huikata bila kumtesa.

Na hapa nataka niseme juu ya punda. Katika vijiji vingi punda hufungwa kamba miguuni asitoroke, na kamba hiyo hula ngozi iliyo juu ya ukwato hata mfupa. Punda haonyeshi maumivu upesi kama farasi, kwa hiyo mwenyewe hudhani hana neno. Kisiwani Lamu, ambako punda ndiye mchukuzi, iko hospitali ya punda tangu mwaka 1987, lakini wilaya nyingi hazina hospitali kama hiyo. Kidonda cha kamba huoshwa na kufungwa kama tulivyoeleza, lakini hakitapona kamba ikirudishwa pale pale. Akifungwa, afungwe kwa hatamu ya kichwani, na kama ni lazima mguuni, utumike mkanda mpana uliozungushiwa kitambaa laini, ukihamishwa kila siku.

Bendeji za kidonda zilizoingia usaha zichomwe moto. Nyingine zisubiriwe tope likauke, zikung'utwe na kupigwa brashi, kisha zifuliwe kwa sabuni hafifu na kusuuzwa mara mbili au tatu, maana sabuni iliyobaki huwasha ngozi. Zianikwe kivulini kama ni zile zivutikazo, kwa kuwa jua kali na moto huua mvuto wake. Kila mnyama awe na zake, zenye alama; choa huhama kwa kitambaa kutoka mguu hata mguu. Zikikauka ziviringwe kwa kuanzia mwisho wenye utepe, utepe ukiwa ndani, ili siku ya kufunga zifunguke kwa upande unaotakiwa. Ile iliyolegea katikati ikabaki ngumu pindoni isirudishwe sandukuni. Ikatwe iwe kitambaa cha kusafishia hatamu.