Somo la 8: Kikombe, Uvumi na Kipimo

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mithali 14:15, Walawi 13:1–6, Walawi 14:1–9, Luka 17:11–19, 2 Wafalme 20:1–7, Matendo 17:10–12, Isaya 8:11–13, Mithali 18:13, 17.

Fungu la Kukariri: 1 Wathesalonike 5:21. Kila mshiriki alisome katika Biblia yake mwenyewe na kulikariri kabla ya Sabato ijayo.

Mwanzoni mwa mwaka 2011, kijiji cha Samunge huko Loliondo kilijulikana Afrika Mashariki nzima kwa muda wa majuma machache. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, ambaye watu walimwita Babu, alisema kwamba Mungu amemwonyesha mti ambao dawa yake inaponya kisukari, shinikizo la damu, saratani, na hata UKIMWI. Dawa ilitolewa kikombe kimoja kwa shilingi 500, na ilipaswa kutoka mkononi mwake mwenyewe. Foleni ya magari ilikuwa ya kilometa nyingi. Walikwenda wakulima, wafanyabiashara, wabunge na mawaziri. Wengine walitolewa vitandani hospitalini ili wapelekwe, na wako waliofariki wakiwa kwenye foleni.

Sisi wa Issenye tulikuwa majirani. Samunge iko upande wa mashariki wa Hifadhi ya Serengeti, nasi tuko upande wa magharibi. Wako waliokwenda, na wako waliobaki wakitafuta nauli. Wengi wetu hatukuamini kabisa, wala hatukukataa. Tulisema, "Huwezi kujua. Ni mia tano tu."

Juma hili tutajifunza juu ya imani hiyo ya nusu: jinsi inavyoingia, inachogharimu, na jinsi Neno la Mungu linavyotufundisha kupima jambo kabla ya kulisemea amina.

JUMAPILI
Gharama ya Mia Tano

Soma Mithali 14:15. Mwenye busara anafanya nini ambacho mjinga hafanyi?

Mwaka ule nilikuwa mzee wa kanisa. Mama mmoja wa kundi letu aliuza mbuzi watatu akapata nauli ya kwenda Samunge. Aliporudi, Sabato iliyofuata alisimama wakati wa shuhuda, akasema amepona, na kwamba ameacha dawa zake za kufubaza virusi. Kanisa lilisema amina, na mimi ndiye niliyeomba sala ya shukrani.

Sikumwuliza swali moja tu: "Mama, umepimwa?" Ukweli ni kwamba sikuamini. Lakini niliona ni vibaya kumwondolea furaha yake mbele ya watu, na moyoni nilijiambia, "Huenda ikawa kweli." Tulimzika mapema mwaka uliofuata.

Imani ya nusu hujitetea kwa kusema kwamba bei ni ndogo. Lakini mia tano haikuwa bei yote. Kulikuwa na mbuzi, kulikuwa na siku nyingi za njiani bila chakula cha kutosha, na kulikuwa na vidonge vilivyoachwa kabatini. Na sisi tuliokaa kimya tuliongeza gharama hiyo, kwa sababu yule mama alichukua amina yetu kuwa uthibitisho.

Je, kuna jambo ambalo familia yako inalifuata kwa sababu tu "huwezi kujua"? Gharama yake yote ni ipi?

JUMATATU
Kuhani Nje ya Kambi

Soma Walawi 13:1–6 na 14:1–9. Ni mara ngapi kuhani alipaswa kumtazama mgonjwa? Kwa nini siku saba ziliwekwa katikati?

Bwana hakuwaachia Israeli wakisie. Mtu mwenye alama katika ngozi yake alitazamwa, akatengwa siku saba, akatazamwa tena, na kama bado haijaeleweka, siku saba nyingine. Hata aliyepona hakurudi kambini kwa neno lake mwenyewe. Kuhani alitoka nje ya kambi, akamkagua kwanza.

Sasa soma Luka 17:11–19. Wakoma kumi walimlilia Yesu. Yeye, ambaye uwezo wake hauna mashaka, aliwatuma kwa makuhani, yaani kwa watu waliopewa kazi ya kukagua. Walikuwa bado njiani walipotakasika. Mwokozi alifanya muujiza wa kweli, na hakuona aibu muujiza huo ukaguliwe.

Hapa ndipo lilipo fundisho kuu la juma hili. Uponyaji unaotoka kwa Mungu hauogopi kipimo. Basi mshiriki anapotuambia amepona, kumsindikiza kliniki akapimwe ni sehemu ya shukrani. Angalia pia kwamba yule Msamaria aliyerudi kumshukuru Yesu hakukosea. Shukrani na kipimo vinaweza kutembea pamoja.

JUMANNE
Kujisikia Nafuu na Kupona

Soma 2 Wafalme 20:1–7. Hezekia alipewa ahadi ya miaka mingapi? Baada ya ahadi hiyo, ni kitu gani kiliwekwa juu ya jipu lake?

Waliorudi Samunge wengi hawakusema uongo. Walisema walivyojisikia. Lakini kujisikia nafuu na kupona ni mambo mawili. Shinikizo la damu hupanda na kushuka hata katika siku moja, na mtu anaweza kuwa nalo miaka mingi bila maumivu yoyote. Mwenye virusi vya UKIMWI anaweza kukaa miezi mingi baada ya kuacha dawa akiwa na nguvu shambani, huku virusi vikiongezeka ndani yake. Na anayetumia dawa vizuri anaweza kuambiwa kwamba virusi havionekani katika kipimo. Hiyo maana yake ni kwamba dawa inafanya kazi. Akiiacha, virusi hurudi.

Wataalamu walipoichunguza dawa ya kikombe, walisema kiasi kile hakina sumu. Wengi walisikia neno hilo kana kwamba serikali imethibitisha kuwa kinaponya. Lakini kitu kisichoua si lazima kiwe dawa. Maji ya Mto Grumeti yaliyochemshwa hayana madhara pia, na hakuna anayesema yanatibu saratani.

Hezekia aliomba kwa machozi, Bwana akamsikia, kisha nabii akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Sala haikufuta tiba, wala tiba haikuipunguzia sala heshima. Vivyo hivyo, mizizi na majani ambayo Mungu ameumba yanaweza kuwa na faida, na dawa nyingi za hospitali zilianzia katika mimea. Swali si kama dawa imetoka porini au kiwandani. Swali ni kama imepimwa.

JUMATANO
Hata Paulo Alipimwa

Soma Matendo 17:10–12. Watu wa Beroya walifanya nini kila siku, na kwa nini wanasifiwa?

Kilichotufunga midomo mwaka 2011 zaidi ya kitu kingine ni maneno haya: "Mungu amemwonyesha." Nani atauliza swali baada ya hapo? Tuliogopa kuonekana tunapingana na Mungu. Lakini mtume Paulo mwenyewe, aliyekutana na Kristo njiani, alipohubiri Beroya wasikilizaji waliyachunguza maneno yake katika Maandiko. Hawakumdharau, walipokea neno kwa moyo wa utayari, na kwa utayari huohuo wakachunguza.

Mzee Mwasapile alifariki Julai 2021. Hatukuitwa kuuhukumu moyo wake. Hilo ni la Bwana. Wako wanaosema aliamini kwa dhati alichokisema. Lakini mtu anaweza kuwa mkweli na bado akakosea, na mvi na kola ya uchungaji si kipimo cha dawa. Neno hili linatuhusu sisi pia, wazee wa makanisa na viongozi wa idara. Tukisema jambo la afya mimbarani, washiriki wana haki ya kutuuliza tumelijuaje.

ALHAMISI
Uvumi wa Kutisha

Soma Isaya 8:11–13. Watu waliokuwa wakitetemeka walikuwa wakisema nini? Nabii alionywa asifanye nini?

Kuna imani ya nusu inayokimbilia dawa isiyopimwa, na kuna nyingine inayokimbia dawa iliyopimwa. Mwaka 2018 Tanzania ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 nchi nzima, ili kuwakinga na virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Mara uvumi ukaenea kwamba chanjo hiyo inafunga kizazi. Huenda jina lenyewe liliusaidia uvumi, kwa kuwa wazazi walisikia neno "kizazi" na mioyo yao ikashtuka. Tusiwacheke. Katika jamii yetu mwanamke asiye na mtoto hubebeshwa aibu isiyo yake, na mama yeyote angeogopa kwa ajili ya binti yake.

Lakini hofu nayo inapaswa kupimwa. Soma Mithali 18:13 na 17. Aliyeleta habari ya kwanza huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje kumwuliza. Basi tuulize: nani ameliona jambo hili kwa macho yake? Chanjo hii imetumika katika nchi mbalimbali tangu mwaka 2006, na wasichana wengi waliochanjwa miaka ile sasa ni mama wa watoto. Kinachoharibu kizazi ni saratani yenyewe, na mara nyingi hugunduliwa ikiwa imechelewa.

Siku za Isaya watu waliona fitina kila mahali. Bwana alimwambia mtumishi wake asiogope wanachokiogopa, bali amche Yeye. Anayemcha Mungu ana nafasi ya kutulia, kuuliza na kusubiri jibu.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma tena Luka 17:11–19, ukiwafikiria makuhani waliowapokea wale kumi. Kisha soma Yohana 20:24–29. Bwana alimjibu vipi Tomaso alipotaka kuona na kugusa?

Tunatazamia siku za mwisho ambazo Kristo alionya kutakuwa na ishara za kudanganya (Mathayo 24:24). Kanisa ambalo halikujizoeza kuuliza juu ya kikombe cha shilingi 500 litaulizaje siku hiyo?

Maswali ya Kujadili:

1. Mshiriki akishuhudia kwamba amepona na ameacha dawa, darasa lifanye nini Sabato hiyohiyo, kwa upendo na bila kumwaibisha? Kubaliane nani atamsindikiza kwenye zahanati au hospitali.

2. Kwa nini ni rahisi kwetu kusema amina kuliko kuuliza swali? Ni hofu, ni adabu, au ni uvivu?

3. Ni uvumi gani unaozunguka sasa hivi katika simu zenu, sokoni au kisimani? Chagueni mmoja. Nani aliuleta, nani ameushuhudia, na ni nani mwenye kazi ya kuukagua? Leteni majibu Sabato ijayo.

4. Kama nawe ulinyamaza wakati ulipopaswa kusema, kuna mtu aliye hai ambaye bado unaweza kwenda kumwuliza, "Umepimwa?" Nenda kabla ya jua kuzama.