Rangi za Majani New England: Uende Lini, Uende Wapi

Ukiishi Maine, New Hampshire au Massachusetts, usingoje wikiendi ya mapumziko ya Jumatatu ya pili ya Oktoba ndipo utoke kutazama majani. Siku hizo barabara za milimani hufurika magari, bei za hoteli hupaa, na kaskazini kabisa huenda majani yameshapukutika. Rangi haziji kote kwa siku moja. Huanzia kaskazini na vileleni, zikateremka taratibu kuelekea kusini na baharini kwa zaidi ya mwezi mzima.

Kaskazini mwa Maine na kaskazini mashariki mwa Vermont, nenda mwishoni mwa Septemba au siku za kwanza za Oktoba. White Mountains, New Hampshire, hupendeza zaidi wiki mbili za mwanzo za Oktoba. Pwani ya Maine hufuata katikati ya mwezi, Boston na Connecticut mwishoni, na mialoni hubaki na wekundu wake wa kahawia hadi Novemba.

Tarehe hizi husogea kila mwaka kwa sababu hali ya hewa huathiri yanayotokea ndani ya jani lenyewe. Siku zinapofupika, mti huacha kutengeneza klorofili, ile inayolipa jani rangi ya kijani. Hapo manjano, ambayo ilikuwamo siku zote ila imefunikwa, hujitokeza. Wekundu ni habari nyingine: miti ya mepuli, ile ambayo jani lake limo katika bendera ya Kanada, huutengeneza wakati huohuo kwa sukari iliyonaswa ndani ya jani. Mchana wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha huleta wekundu mkali kabisa. Ukame huangusha majani mapema, na dhoruba moja yaweza kuuacha mlima mtupu. Kwa hiyo soma ripoti ya rangi inayotolewa na jimbo la Maine kila wiki msimu huu. Picha za mwaka jana hazitakusaidia.

Mwenye gari na siku moja tu, mimi ningempeleka barabara ya Kancamagus, kati ya Lincoln na Conway. Ni kama kilomita 55 za msitu, mito na miinuko, bila kituo hata kimoja cha mafuta, kwa hiyo jaza tangi na beba chakula. Fika asubuhi na mapema, tena siku ya kazi ukiweza. Ukipendelea bahari na milima pamoja, nenda hifadhi ya taifa ya Acadia, Maine, lakini huwezi kupanda mlima wake wa Cadillac kwa gari mpaka uwe umeweka nafasi mapema mtandaoni.

Heshimu mashamba ya watu. Huko Pomfret, Vermont, wageni walizidi kuingia viwanjani kupiga picha hadi mwaka 2023 barabara ya Cloudland ikafungwa kwa wasio wakazi katika msimu wa majani.

Familia zenye watoto wadogo huko Portland na Lewiston hazina haja ya safari ndefu: kilima cha Bradbury, Pownal, kiko karibu, na njia fupi hukufikisha juu kabla watoto hawajachoka. Chukua makoti, na kumbuka kwamba katikati ya Oktoba jua huzama saa kumi na mbili jioni. Ukiwa Boston, hutahitaji hata gari. Panda treni ya Orange Line hadi Forest Hills, utembee kidogo hadi bustani ya miti ya Arnold Arboretum. Kuingia ni bure.