Kuzuia Panya Wasizae Ghalani

Sumu huua panya aliyepo leo. Dawa ya kuzuia uzazi humwacha hai ila humnyima watoto, kwa hiyo anayetaka kuona mizoga kesho asubuhi asiitegemee. Faida yake ni kubwa kwa viumbe wengine: mwaka 2024 baraza la jiji la New York lilipitisha sheria ya kuijaribu, baada ya bundi maarufu Flaco kufa akiwa na sumu ya panya mwilini.

1. Hakiki dawa. Nchini Tanzania, viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Uliza kama unayouziwa imesajiliwa, na kwa matumizi gani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, wamejaribu homoni za kwinestroli na levonojestreli kwa panya shamba. ContraPest, dawa ya maji iliyosajiliwa Marekani mwaka 2016, hudhoofisha mayai ya jike na mbegu za dume. Levonojestreli imo pia kwenye vidonge vya uzazi wa mpango, lakini tafadhali, usisage vidonge vya binadamu ukachanganya na unga. Kipimo hukijui, na kuku au mtoto anaweza kuula.

2. Punguza panya kwanza. Mimba yao ni wiki tatu tu. Ghala lililofurika halitulizwi na dawa peke yake. Tega mitego, zoa nafaka iliyomwagika, panga magunia juu ya chaga, ziba matundu kwa wavu wa chuma na saruji. Wakishiba mahindi yako, chambo chenye dawa hawakigusi.

3. Wahi msimu. Panya shamba huzaa kwa kufuata mvua. Anza kabla, wakiwa wachache.

4. Weka chambo ndani ya kisanduku kinachofungwa, kando ya ukuta wanakopita. Njia yao utaijua kwa weusi wa mafuta ya manyoya ukutani na kinyesi kama punje za mchele. Panya huogopa kitu kigeni, basi usikihamishehamishe. Kuonja mara moja hakutoshi. Lazima wale mara kwa mara. Jaza kama lebo inavyoagiza.

5. Fuatilia. Jioni nyunyiza majivu laini sakafuni, asubuhi angalia nyayo, andika daftarini. Wanaonaswa washike kwa glavu, utazame umri: wadogo wakipungua, dawa inafanya kazi. Miezi ikipita na bado unanasa vitoto, usiongeze kipimo. Kagua matundu upya, kwani huenda wageni wanaingia kutoka nje.