Barafu Kwanza, Shimo Baadaye: Kuelewa Kifo cha Ghafla cha Mbwa

Kifo cha ghafla cha mbwa, yaani kile kinachomchukua kwa saa chache mnyama aliyekula na kubweka kama kawaida jana yake, humwachia mfugaji maswali mawili: nini kimemuua, na nani alaumiwe. Kwa kuwa la pili hujibiwa na kila mpita njia bila kuombwa, la kwanza mara nyingi huzikwa pamoja na mbwa kabla ya jua kutua. Lugha nayo haimsaidii mfiwa, maana Kiswahili humpa binadamu maiti na mnyama mzoga, na asemaye kwamba amefiwa na mbwa huchekwa kabla hajapewa pole.

Hatua zinazofaa ni tatu: kuupoza mwili, kuupeleka ukapasuliwe, na kuomboleza. Ya kwanza ndiyo isiyofahamika. Mwandishi wa makala haya alijifunza hatua hiyo mjini Morogoro, mbwa wake, chotara wa German Shepherd, alipokutwa alfajiri amekufa kando ya karo, tumbo limejaa kama ngoma na povu limemkaukia puani. Majirani walikubaliana kwamba amelishwa nyama yenye sumu, wakamtaja na aliyemlisha, naye muuza dawa za mifugo, ambaye hakuwa amemwona mbwa huyo, alitaja aina ya sumu na hata bei yake. Aliyezuia ugomvi ni daktari wa mifugo, kwa maneno machache ya simu: "Usimzike, wala usimtie kwenye friza. Mtafutie barafu."

Sababu yake ni kwamba bakteria wa utumbo hawafi na mbwa, bali huendelea kuzalisha gesi, na katika joto mzoga wenye manyoya mazito huvimba na kuoza upesi, kwa hiyo tumbo lililojaa na povu puani havithibitishi sumu. Friza nayo huharibu ushahidi, kwani maji yaliyo ndani ya seli yakiganda huzipasua, na tishu haisomeki vizuri chini ya hadubini. Kinachotakiwa ni ubaridi wa nyuzi 4 hivi za Selsiasi, na upasuaji ufanyike mapema, ikiwezekana ndani ya saa 24. Manyoya huloweshwa kwa maji baridi mpaka ngozini, kwa kuwa yakiwa makavu hutunza joto kama blanketi, kisha barafu huwekwa kwapani, kwenye mapaja kwa ndani na pande zote mbili za tumbo. Asubuhi hiyo barafu pekee iliyopatikana mtaani ilikuwa ile ya ukwaju wanayonunua watoto, na muuzaji, alipojua inakokwenda, alipandisha bei bila haya. Vifuko vingine vilipasuka njiani, mbwa akafika akinukia ukwaju.

Glavu ni lazima, na ikiwa mbwa alibadilika tabia au kumng'ata mtu kabla ya kufa, asiguswe, bali aitwe ofisa mifugo, na aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi, kisha awahi hospitali, kwa kuwa huenda ni kichaa cha mbwa.

Upasuaji ulionyesha kwamba tumbo lilikuwa limejizungusha, umio umesokotwa kama nguo inayokamuliwa, na wengu, kiungo kinachohifadhi damu, umevutwa kutoka mahali pake, mweusi na umevimba. Tumbo likijizungusha hivyo gesi hukosa pa kutokea, nalo hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Walio hatarini zaidi ni mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, hasa wanaobugia mlo mmoja mkubwa kwa siku, ambao ndio utaratibu aliousifu muuza chakula cha mbwa, akigonga gunia lenye picha ya mbwa anayecheka. Dalili kuu ya tumbo kujizungusha ni mbwa kujikamua atapike na asitoe kitu, naye hapo huhitaji upasuaji wa dharura usiku uleule.

Kuhusu hatua ya tatu, jirani aliyekuwa ameshukiwa alikuja jioni na jembe, akachimba. Usiku uliotangulia mbwa alikuwa ameinama mara nne kando ya karo, akijikamua bila kutapika, na mwandishi alimwekea maziwa. Bakuli lilikuwa bado pale, limejaa.