Punda mpya afundwe kabla ya mvua

Oktoba hii mashamba ya Dodoma na Singida bado ni makavu, na mvua tunaitazamia kuanzia mwishoni mwa Novemba. Aliyenunua punda mnadani kwa ajili ya plau ana wiki sita hivi za kumfunda. Akingoja ardhi ilainike, atamfundisha kwa haraka na kwa fimbo, na mnyama ataijua fimbo tu.

Punda, kama farasi, haelewi kwa kuvutwa kamba, huelewa inapolegezwa. Vuta hatamu taratibu, kisha ishikilie hapo hapo bila kuongeza nguvu. Akisogeza mguu mbele, hata nusu hatua, legeza papo hapo. Atajua kuwa hatua ile ndiyo iliyomwondolea kero. Ukichelewa kidogo tu, keshatikisa kichwa au karudi nyuma, na hilo ndilo utakalokuwa umemfundisha. Wengi wetu, nami nimo, huendelea kuvuta ilhali punda keshaanza kutembea, halafu tunalalamika kwamba kila siku anazidi kuwa mzito.

Tanguliza neno, kamba ifuate. Sema "twende", ndipo uvute. Baada ya muda neno litatosha. Liwe neno moja kwa nyumba nzima. Baba akisema "haya", mtoto "twende", na kibarua akipiga mluzi, msishangae punda akisimama.

Kusimama nako tunakuelewa vibaya. Farasi akishtuka hukimbia, lakini punda mara nyingi huganda pale pale akipima hatari. Sisi tunamwita mbishi, tunamchapa, naye anapata uhakika kuwa pale pana hatari kweli. Mwache atazame na kunusa, kisha mwombe hatua moja. Wala usimjie kimya kwa nyuma: macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma ya mkia na mbele kabisa ya paji la uso. Mateke mengi tunayoyaita shukrani ya punda huanzia hapo.

Hasira pia iache nje ya zizi, maana wanyama hawa wanatusoma. Huko Berlin, farasi mmoja aliyeitwa Hans alisifika kwa kujua hesabu. Aligonga kwato mpaka afike kwenye jibu. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst alionyesha kuwa Hans alikuwa akimtazama muulizaji tu, jinsi mwili wake unavyobadilika kidogo jibu linapofika.

Anza na dakika 15 au 20 za asubuhi, hatamu peke yake. Kisha mvike mikanda bila mzigo. Akizoea, avute tawi la mti, ajue kelele za nyuma hazimdhuru, na ikiwezekana awe ubavuni mwa punda mzoefu. Plau ije mwisho. Aliye chini ya miaka 3 mwache akue, na kazi nzito isubiri afike 4.

Tafadhali, nira ya maksai usimvishe. Maksai husukuma kwa mabega na nundu. Punda hana nundu, huvuta kwa kifua. Mshonee mkanda mpana wa turubai lililokunjwa, ukae kifuani bila kubana koo, na kila jioni pitisha kiganja chini yake. Ukigusa joto au manyoya yaliyochubuka, kesho yake asivute kitu.