Joto Linapolegeza Nati

Ukifungua oveni ya maabara ukakuta bawaba ya mlango inachezacheza, usimlaumu haraka aliyeifunga. Huenda alikaza barabara. Kilichoilegeza ni joto.

Metali hutanuka zikipata moto, ila hazitanuki sawa. Kipande cha alumini cha milimita 100 kikiongezewa nyuzijoto 100 hurefuka kama milimita 0.23, cha chuma cha kawaida, kama 0.12. Basi alumini iliyobanwa na bolti ya chuma hutaka kutanuka kupita bolti inavyoruhusu, ikajibana hadi kubonyea. Ikipoa husinyaa, na mkazo ule wa mwanzo haupo tena. Rudia hivyo kila siku, nati itaanza kuzunguka yenyewe.

Mafundi wetu wa Ndama, na wa Karagwe na Kyerwa kwa jumla, huipenda nati yenye pete ya nailoni kwa sababu kwenye pikipiki inashika kweli. Kwenye pikipiki endeleeni kuitumia, ila si kwenye vifaa vya joto. Otoklevu ya zahanati hutakasa vifaa kwa nyuzi 121, na pete hiyo ukomo wake ni karibu 120. Oveni ya kutakasa vyombo vya kioo hukaa kwenye 160 kwa saa mbili. Hapo nailoni hulainika, nati ikabaki ya kawaida tu. Dai nati ya kujifunga ya chuma kitupu, au funga nati mbili zibanane. Springi washa peke yake usiitegemee. Gundi ya bolti nayo ina kiwango chake cha joto, kimeandikwa kwenye chupa. Kisome kabla ya kulipa.

Bolti na nati zote zikiwa za chuma cha pua, zinaweza kung'ang'aniana zisifunguke hadi ukate. Paka kidogo grisi ya joto kali, ile yenye shaba au nikeli.

Kifuniko cha otoklevu chenye nati za masikio ndicho kinachonitia hofu zaidi. Kaza kwa mkono, mbili zinazotazamana kwa pamoja, kidogo kidogo, mpaka kifuniko kikae sawa pande zote. Usitie spana. Na usiguse nati hata moja kabla mshale wa presha haujarudi sifuri. Mvuke wa ndani huunguza vibaya.

Kwa nati nyingine, kwaruza kwa msumari mstari mmoja unaopita juu ya nati na bolti. Kila Jumatatu, kifaa kikiwa baridi, tazama: mstari ukiwa umekatika, nati imehama.