Mnanasi Ukinyauka, Tafuta Sisimizi



Mwezi huu somo letu ni juu ya adui mdogo sana wa minanasi. Ni mdogo kuliko punje ya mchele, wala hana mwendo wa haraka, lakini aweza kukunyang'anya shamba zima. Mnanasi uliopandwa kwa chipukizi hungoja mwaka mmoja na nusu hivi ndipo utoe tunda, na penye baridi hungoja zaidi. Basi ukinyauka katika mwezi wa kumi, hukupoteza tunda tu. Umepoteza palizi zote za miezi kumi, pamoja na karo ya watoto uliyotazamia kuilipa. Kwa hiyo somo hili lawahusu sana wakulima wa skimu wanaopanda minanasi, ikiwa ni bara au ni Pwani.

Mmea uwekao maji

Kwanza tuufahamu mmea wenyewe. Mnanasi una tabia moja na katani na mshubiri: majani yake ni manene, na ndani yake huweka maji ya akiba. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili kuvuta hewa. Mnanasi hufungua vyake zaidi usiku, wakati jua halichomi, ili maji yasipotee bure. Ndiyo sababu huvumilia kiangazi ambacho huua mahindi.

Lakini uvumilivu huo humdanganya mkulima. Mizizi huacha kukua, kisha hufa, na kwa muda majani bado yanaonekana mazima kwa sababu ya akiba ile. Unapoona majani yamegeuka rangi nyekundu, yamelegea, na ncha zake zinajikunja kuelekea chini, fahamu kwamba ugonjwa ulianza zamani. Ung'oe mmea mmoja utazame. Ukitoka kwa urahisi, na mizizi yake ni michache na imeoza, ujue kuna kazi.

Adui ni nani?

Fungua majani ya chini kabisa, pale yanapolishika shina, ukatazame na mizizi. Utaona kama unga mweupe uliomwagika. Unga huo ni wadudu waitwao vidung'ata. Ukiwafuta unga wao, utaona mwili laini wa rangi ya waridi. Kila mmoja huchoma mmea kwa mdomo ulio kama sindano, akafyonza utomvu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa ndivyo hasa.

Kufyonza si madhara yote. Katika minanasi mingi mna virusi ambavyo macho hayawezi kuviona. Vidung'ata huvichukua kutoka mmea mmoja mpaka mwingine. Wataalamu wa Hawaii, ambako ugonjwa huu umechunguzwa tangu mwanzo wa karne ya 20, wameonyesha kwamba mnyauko hutokea mambo mawili yanapokutana: virusi vimo ndani ya mmea, na vidung'ata wanaufyonza. Mmea wenye virusi usiofyonzwa huweza kusimama bila kunyauka. Tena mmea ulionyauka waweza kutoa majani mapya mazuri ukaonekana umepona, lakini virusi vingali ndani, na machipukizi yake huvirithi.

Sisimizi ndio wachungaji

Sasa tuulize: mdudu asiyetembea upesi aeneaje shamba zima? Vitoto vyake hupeperushwa na upepo, na wengine hubebwa na sisimizi. Kidung'ata anapofyonza utomvu hutoa maji matamu kama asali. Sisimizi huyapenda sana maji hayo, kwa hiyo huwatunza vidung'ata kama vile wewe umtunzavyo ng'ombe wa maziwa. Huwafunika kwa udongo, na huwafukuza adui zao.

Adui hao ni rafiki zako. Wako mbawakawa wadogo wa mviringo ambao hula vidung'ata, na wako nyigu wadogo sana ambao hutaga yai ndani ya kidung'ata akafa. Huko Hawaii ilionekana kwamba sisimizi wakiondolewa, rafiki hao hufanya kazi yao, na vidung'ata hupungua. Maji yale matamu nayo, yakikosa mnywaji, huwagandamana wenyewe na kuota ukungu.

Basi adui wetu ni mnyororo wa pingu tatu: chipukizi chenye ugonjwa, kidung'ata, na sisimizi. Mkulima mwenye haraka hukimbilia bomba la dawa kumpiga yule wa katikati. Lakini huyo amejificha chini ya majani na ndani ya udongo, tena unga wake hukataa maji. Ni afadhali kuzikata pingu mbili za pembeni.

Mambo ya kufanya

1. Chagua machipukizi katika minanasi mizima tu. Usichukue hata kimoja mahali palipopata kunyauka, ijapokuwa minanasi yake imepata nafuu. Ukipewa bure na jirani, nenda kwanza ukalitazame shamba lake.

2. Bandua majani makavu ya chini ya kila chipukizi, uangalie kama pana unga mweupe. Chenye unga kichome moto.

3. Yapange machipukizi juani, kitako kikitazama juu, kwa muda wa juma moja. Kidonda hukauka, na vidung'ata wengi hufa. Usiogope, chipukizi hakitakufa, maana kina maji yake ya akiba. Kikundi chenye kipimajoto chaweza pia kutumbukiza machipukizi katika maji ya moto wa nyuzi 50 kwa dakika 30. Usikisie kwa mkono; maji yakizidi moto yatapika chipukizi.

4. Shamba la zamani ling'oe lote, mashina na mizizi, uchome. Lima vizuri ili kuvunja viota vya sisimizi.

5. Safisha mipaka. Sisimizi huingia kutoka ukingoni, na vidung'ata hukaa pia katika mizizi ya majani ya mwituni.

6. Kila juma pitia mistari ya ukingoni kwanza. Ukiona mmea ulionyauka, ung'oe pamoja na ile inayougusa, utie katika gunia papo hapo, ukachome mbali. Usiuburure shambani.

7. Minanasi michache iliyoshikwa karibuni waweza kuinyunyizia maji ya sabuni jioni, vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji kwa lita moja. Yaelekeze chini ya majani. Jaribu mmea mmoja kwanza.

Onyo juu ya dawa kali

Wengi wetu hukata majani ya mnanasi tukawapa ng'ombe. Basi sikiliza yaliyotokea Hawaii katika kisiwa cha Oahu. Mashamba ya minanasi yalitiwa dawa iitwayo heptakloro ili kuua sisimizi. Majani yakalishwa ng'ombe wa maziwa, na mwaka 1982 dawa hiyo ikagunduliwa ndani ya maziwa yaliyokuwa yakiuzwa kwa watu. Kwa hiyo, kama ni lazima utumie dawa, muulize afisa wa kilimo ni ipi iliyoandikishwa Kenya kwa minanasi, soma karatasi yake yote, na ngoja siku zilizotajwa kabla ya kuvuna au kulisha. Dawa isiyo na karatasi usiinunue, hata ikiwa rahisi.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini majani ya mnanasi huchelewa kuonyesha ugonjwa wa mizizi?
2. Sisimizi hupata faida gani kwa vidung'ata, na vidung'ata kwa sisimizi?
3. Kwa nini mnanasi uliopata nafuu haufai kutoa mbegu?

Wasomee wa nyumbani maswali haya, kisha nendeni pamoja shambani. Fungueni majani ya chini ya minanasi kumi ya ukingoni. Mkiona sisimizi wanapanda na kushuka, msingoje majani yawe mekundu; anzeni kazi siku hiyo hiyo.